Wangechi Kumi na Wanne na Alama Mbili za Kunukuu

Mwaka ulikuwa 1978, msimu wa ukungu wa Julai ambapo Tetu nzima, huku kwetu Nyeri, hukaa wiki tatu bila kuonja jua, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Siku ya Jumatatu, tarehe 3, niliripoti kazini katika ofisi ya chama cha maji, hatua chache kutoka soko la Wamagana, nikiwa nimevaa koti la marehemu mume wangu kwa sababu lilikuwa zito kuliko langu. Mwenyekiti, Mzee Kariuki, aliniangalia, akaliangalia koti, kisha akanionyesha meza. Hakukuwa na maelezo mengine. Nilikaa kwenye meza ile, au kwenye nyingine zilizorithi mahali pake, hadi tarehe 28 Februari 2002, nilipostaafu.

Vijana mlionirithi mmeniomba niandike niliyoyaona. Sitaandika vyeo wala mishahara. Mambo hayo yamo kwenye faili, na mwenye kuyataka anajua kabati lilipo. Nitaandika jambo moja ambalo mpaka leo hunishangaza, na ambalo ninyi hulipita kila siku kwa haraka ya vidole.

Kwanza mnijue. Sikupelekwa shule utotoni. Nilianza kusoma Februari 1968 katika darasa la ngumbaro, la watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na Novemba 1973 nikafanya mtihani wa darasa la saba katika chumba kimoja na watoto walioniita Mama na kuniazima raba zao. Mume wangu alifariki tarehe 22 Agosti 1976. Mwaka uliofuata nilijifunza kupiga chapa mjini Nyeri. Mtu aliyesoma akiwa mkubwa huheshimu maandishi kupita kiasi. Ninalisema hili mapema kwa sababu heshima hiyo ilinisaidia kazini miaka mingi, na mwaka mmoja iliniponza.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa daftari la wanachama, lenye jalada la kitambaa cheusi. Bomba letu kuu huleta maji kutoka msitu wa Nyandarua kwa mteremko, bila pampu, na mtaro wake ulichimbwa kwa harambee mwaka 1974. Kila boma lilipimiwa kipande chake kwa kamba. Wanaume wengi walikuwa kwenye ajira za mbali, kwa hiyo wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Aliyemaliza kipande chake aliandikwa mwanachama na kuwekewa mfereji, yaani bomba la maji, nyumbani, asiyemaliza hakuandikwa. Daftari la mwaka huo lilikuwa limekwisha kupotea kabla sijaajiriwa. Langu lilikuwa nakala ya nakala, na halikueleza nani alichimba nini. Lilikuwa na majina peke yake.

Na majina yenyewe mnayajua. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake mzaa baba, wa pili la nyanyake mzaa mama, na hivyo jina hurudi kila kizazi kama mtu aliyekwenda sokoni. Ridge moja, yaani mgongo mmoja wa vilima, hujaa majina yale yale. Ndiyo sababu tuliandika "Nyambura wa Kihara" au "Wangechi wa Gatheru", kwa jina la mume au la baba, tukijua kwamba bila sehemu ya pili hakuna mtu anayetajwa bali umati.

Tarehe 11 Septemba 1986, siku ya Alhamisi, tuliletewa kompyuta. Ilikuwa msaada wa wafadhili wa ng'ambo waliojenga tangi la pili, na ilikuja pamoja na Bwana Wafula, mtumishi wa serikali mwenyeji wa magharibi, aliyeazimwa kwetu kwa miaka miwili atufundishe. Alikuwa mrefu, mpole, na aliandika kwa penseli hata sahihi yake. Mashine haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi ya kijani, na kila jambo uliliomba kwa kuandika amri.

Siku ya tatu alinifundisha kupanga majina. Nilikuwa nimeingiza mia nne kwa mkono, bila mpangilio. Aliandika neno moja, na kabla sijaondoa mkono mezani majina yote yalikuwa yamejipanga kwa alfabeti. Kazi hiyo ilikuwa ikinichukua wiki mbili kila Januari. Niliinuka, nikatoka nje, nikasimama kwenye baraza mpaka moyo ukatulia. Niliporudi aliniuliza kama ninaumwa.

"Siumwi," nilimwambia. "Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka ajabu hii."

"Weka polepole," alisema. "Na usiiamini sana. Hii ni karani mtiifu. Karani mtiifu ni mtu wa kuchunga."

Alinifundisha kuandika skripti, yaani amri kadhaa zilizoandikwa mara moja kwenye faili ili mashine izifuate yenyewe. Mojawapo ilikuwa ya kuondoa waliofariki. Unaandika majina ya marehemu kwenye orodha. Skripti inasoma jina moja baada ya jingine, inaliweka kwenye kibadilika, yaani mfuko mdogo wa mashine, kiitwacho jina, kisha inaandika daftari upya ikiacha nje mistari yenye jina hilo. Amri yenyewe ilikuwa hii:

grep -v $jina daftari > mpya

Grep ni programu ya kutafuta neno ndani ya faili, na -v huiambia iiache nje mistari yenye neno hilo. Alama ya dola humaanisha: toa kilichomo ndani ya mfuko huu ukitumie hapa. Bwana Wafula aliniagiza pia nihesabu mistari kabla na baada, kila mara, hata kama marehemu ni mmoja. Nilifanya hivyo muda wote aliokuwapo.

Jambo moja tulilobishana lilikuwa namna ya kuandika majina. Yeye aliyaunganisha kwa kistari cha chini, Wangechi_wa_Gatheru, neno moja lisilo na mwanya. Barua zilipoanza kutoka hivyo, wanachama walinung'unika. Mzee mmoja aliniletea yake na kuiweka mezani kama ushahidi.

"Mama Muthoni, nani amenifunga kamba?"

"Ni mtindo wa mashine, Mzee."

"Basi mwambie huyo mashine mimi si mbuzi."

Bwana Wafula alicheka, lakini hakubadilisha. Aliondoka kwenda Murang'a, makao makuu ya wilaya, tarehe 16 Desemba 1988, akaniachia penseli zake tatu na kitabu kinene cha Kiingereza.

Mwaka 1989 nilijifundisha mengi katika kitabu kile, na kazi ya kwanza niliyoifanya kwa akili yangu mwenyewe ilikuwa kufungua kamba. Niliondoa vistari vyote, nikaweka mianya, na barua zikaanza kutoka na majina kama watu wanavyoitwa makanisani na mahakamani. Nilipongezwa. Kwenye kikao cha kamati nilisema maneno ambayo ningelipa kuyarudisha kinywani: kwamba mashine haichoki, haina ndugu, na ikisema jambo limekwisha. Wazee waliandika hayo kwenye kumbukumbu za kikao. Skripti ya marehemu sikuigusa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefariki tangu nibadilishe majina.

Mapema Novemba alifariki Wangechi wa Mathenge, mwanamke mzee asiye na mrithi aliyeandikishwa. Jumatatu tarehe 13 nilimwandika kwenye orodha ya marehemu na kuamuru skripti ifanye kazi. Mashine iliniambia mambo mawili. La kwanza, ililalamika kwa Kiingereza kwamba haiwezi kufungua "wa", na haiwezi kufungua "Mathenge". La pili, kila mstari wa daftari jipya ulianza kwa neno "daftari" na nukta mbili, jambo ambalo halijapata kutokea.

Ninawaomba msicheke mpaka mfikirie. Niliyasoma malalamiko yale nikayaona ya kawaida kabisa. Nilijiambia kwamba hii ni mashine ya Wazungu. Ni ajabu gani kama haijui "wa" wala Mathenge? Mimi pia nilianza kusoma Kiingereza nikiwa mtu mzima, na maneno mengi sikuyafungua siku ya kwanza. Nilikuwa naionea huruma. Kuhusu lile neno lililojibandika mwanzoni mwa kila mstari, nilifungua kitabu, nikapata herufi ya kulizuia, h, nikairudisha nakala ya daftari na kuamuru tena. Safari hii daftari lilitoka safi. Marehemu hakuwamo. Sikuhesabu mistari, kwa sababu marehemu alikuwa mmoja. Mwisho wa mwezi nilinakili daftari hilo juu ya nakala ya zamani, kama utaratibu ulivyotaka.

Kwa hiyo mashine ilinionya mara mbili, na onyo la pili nililiziba mdomo kwa mkono wangu.

Januari 1990 ilikuwa kavu. Katika ukame fundi wetu wa mabomba, Githinji, hupewa orodha iliyochapwa na kuzunguka na spana yake kuhakikisha kwamba mfereji usio na mwanachama umefungwa. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, na Jumatatu tarehe 15, nilipofika ofisini saa moja na nusu, Wangechi wa Gatheru alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akiwa na ndoo tupu. Alikuwa na karibu miaka sitini, mwembamba, mwenye sauti kubwa.

"Mama Muthoni, ati nimekufa?"

"Nani amesema, Cucu?" nilimuuliza, nikimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Githinji amefunga maji yangu. Anasema siko kwa karatasi. Nikamuuliza, nani alinizika na hakuniita?"

Nilitafuta jina lake kwenye mashine. Halikuwapo. Nilimwambia angoje, nikatafuta tena, na wakati natafuta akaja Wangechi wa Nderitu. Kabla ya saa nne walikuwa sita. Nilitoka nje nikaita, "Wangechi," kwa kumtaka yule wa kwanza, na benchi zima likasimama.

Mmoja wao alicheka, kisha wote wakacheka, lakini Wangechi wa Gatheru hakucheka. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akanigeukia.

"Wangechi wa Mathenge tulimzika sisi wenyewe," alisema. "Na jina lake linabaki, liko na wajukuu wa dada yake. Mtu huenda, jina hubaki. Hii kitu yenu imefanya kazi hata kifo hakifanyi. Imeondoa jina."

Nilirudi ndani nikaiambia mashine initajie kila Wangechi kwenye daftari. Haikunipa hata mmoja. Ni jina la mmoja wa mabinti tisa wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote. Hakuna ridge ya Nyeri isiyokuwa nalo. Na kwenye daftari la chama chetu lilikuwa limekwisha, kana kwamba halijapata kuwapo. Niliogopa, ndiyo, lakini si woga peke yake. Nilikuwa nimeona nguvu iliyopita juu ya ukoo mzima kwa pumzi moja, bila hasira na bila kelele, na iliitikia sauti yangu.

Kwenye kabati nilipata orodha iliyochapwa Septemba. Walikuwamo: kumi na wanne walio hai, mbali na marehemu. Niliichukua mbio kwa Mzee Kariuki, nikitumaini kwamba jambo litaisha siku hiyo. Halikuisha. Kwa katiba yetu, mahali pa mwanachama aliyeondoka huwa wazi, na mkutano mkuu huwagawia walio kwenye orodha ya kungojea. Bomba kuu lisingeweza kubeba zaidi. Mkutano ulipangwa Jumamosi tarehe 31 Machi, na kwenye orodha ya kungojea kulikuwa na watu wa kila mjumbe wa kamati, akiwemo mdogo wake Mzee Kariuki. Mahali pakishagawiwa, pamegawiwa.

"Sisemi wamekufa," Mzee Kariuki alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameyaamini maneno yangu. "Nasema hawako. Pengine hawa ndio hawakumaliza mtaro, wakaandikwa kwa huruma. Karatasi ya zamani iliandikwa na watu. Mashine imesafisha."

"Mashine haijui nani alichimba, Mzee."

"Wewe ndiye ulituambia ikisema imekwisha. Tuliandika."

Niliporudi na jibu hilo, Wangechi wa Gatheru aliweka ndoo yake chini. Maji angeweza kuchota mtoni, alisema. Alikuwa amechota mtoni miaka arobaini. "Lakini kusema sikumaliza. Kipande changu kilikuwa na jiwe. Siku nne nililipiga hilo jiwe, na mtoto wa mwisho alikuwa tumboni. Nani atamwambia huyo mtoto mama yake hakumaliza?" Alichukua ndoo yake akaenda.

Niliisoma skripti kila siku kwa mwezi mzima. Nilikuwa nikitafuta kosa kubwa, lenye ukubwa wa madhara yake, na ndiyo maana sikuliona. Ijumaa tarehe 16 Februari niliomba ruhusa, nikaenda Murang'a kumtafuta Bwana Wafula. Nilimkuta katika ofisi ya wilaya, amezungukwa na mafaili, penseli sikioni. Nilimpa karatasi yenye skripti. Aliitazama kwa muda wa mtu kumeza mate.

"Mama, uliondoa vile vistari."

"Niliviondoa."

"Na hapa kwa dola jina, hukuweka alama za kunukuu."

"Wewe pia hukuweka."

"Mimi nilikuwa mvivu," alisema. "Nilifunga majina kamba ili nisiandike alama. Hilo ni kosa langu, na nilipaswa kukuambia kabla sijaondoka. Sasa ona."

Kiondo changu kilikuwa juu ya meza. Alieleza kwamba kati yetu na grep kuna programu nyingine inayopokea amri, ile ninyi mnayoiita sheli, na kwamba hiyo ndiyo karani wa mlangoni. Ikiona dola, inauleta mfuko. Lakini isipoambiwa vinginevyo, haiukabidhi mfuko kama ulivyo. Alikichukua kiondo changu akakimwaga mezani: leso, kitambulisho, mkate wa safarini, kila kitu mahali pake.

"Inamwaga, halafu inakata kila palipo na mwanya. Wewe ulituma mtu mmoja, Wangechi wa Mathenge. Grep ikapokea vitu vitatu. Cha kwanza ndicho kinachotafutwa: Wangechi. Vingine ikadhani ni majina ya mafaili: faili inaitwa wa, faili inaitwa Mathenge."

"Ikasema haiwezi kufungua."

"Ilikuambia?"

"Iliniambia. Nilidhani haijui Kikuyu."

Hakucheka. Nampa heshima kwa hilo mpaka leo. Alirudisha vitu vyangu ndani ya kiondo, kimoja kimoja, akaweka mikono yake miwili pande mbili za kiondo, akakiinua na kuniwekea mapajani.

"Alama za kunukuu ndiyo mikono hii. Zinaiambia: peleka kama kilivyo, usimwage. Hata ndani kuwe na mianya mia."

Kisha akaandika kwa penseli:

grep -v "$jina" daftari > mpya

Niliitazama karatasi hiyo. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na mitatu, nimejifunza herufi zote nikiwa mtu mzima, moja baada ya nyingine, na sikuwahi kufikiri kwamba alama nyembamba kiasi kile, moja mwanzoni na moja mwishoni, zinaweza kuwa tofauti kati ya mtu mmoja na umati. Kati ya kaburi moja na kumi na tano. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Bwana Wafula aliongeza, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake, kwamba hata hivyo jina si kitu cha kutegemea, na kwamba kila mwanachama apewe nambari. Yuko sahihi, na ndiyo nambari mnazotumia sasa.

Kujua ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Wajumbe wanane wa kamati hawakuwa watu wa kuelezwa habari za dola na mifuko. Jumatano tarehe 7 Machi niliwaomba waje wasimame nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimeandika faili dogo lenye majina yao manane, nikawaonyesha kwenye kioo. Kila mmoja alilitafuta lake na kuridhika.

"Sasa," nilisema, "tuseme amekufa mtu ambaye hayupo. Nipeni jina."

"Kariuki wa Hakuna," alisema makamu wa mwenyekiti, na wazee wakafurahi.

Nililiandika, nikaiendesha skripti ileile ya Novemba. Ililalamika kwamba haiwezi kufungua "wa" wala "Hakuna". Kisha ikaonyesha orodha. Majina sita. Mzee Kariuki alisogea karibu mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Mimi niko wapi?"

Kulikuwa na Kariuki mwingine kwenye kamati, mweka hazina, mzee wa maneno machache, na yeye pia hakuwapo.

"Bwana Mwenyekiti," alisema makamu, "naona mahali pako pako wazi."

"Hata mimi," alisema mweka hazina polepole. "Kumbe sikumaliza mtaro. Na tulichimba sote wawili bega kwa bega, wewe na mimi, pale kwa daraja."

Kicheko kilianza upande mmoja na kikafa kabla hakijafika upande wa pili. Niliwaona wakielewa, mmoja baada ya mwingine, na si kwa mpangilio wa umri. Nikairudisha nakala ya majina manane. Nikaongeza alama, moja huku na moja kule, polepole, ili kila mtu aone kidole changu kinakwenda wapi. Nikaiendesha. Haikulalamika. Majina manane.

Mzee Kariuki alinyoosha kidole akaigusa alama kwenye kioo, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake.

"Hizi tu?"

"Hizi tu, Mzee."

"Na nani aliziacha?"

Ningeweza kusema kwamba skripti iliandikwa na Bwana Wafula, na ingekuwa kweli. Lakini skripti yake ilifanya kazi na majina yake. Mimi ndiye niliyefungua kamba, mimi ndiye niliyeambiwa "siwezi kufungua" nikageuza uso, na mimi ndiye ambaye sikuhesabu.

"Ni mimi," nilisema. "Na yale niliyosema mwaka jana, kwamba mashine ikisema imekwisha, naomba yafutwe. Mashine haikusema hawa hawako. Nilisema mimi, bila kujua nasema."

Mzee Kariuki aliniambia niyaandike yote hayo, kwa tarehe, na niyalete kwenye mkutano mkuu, kwa sababu mdogo wake hangemwamini akiyasikia kwake.

Mkutano ulifanyika Jumamosi tarehe 31 Machi 1990, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa nne asubuhi. Mvua za masika zilikuwa hazijaanza. Nilisoma maelezo yangu ya kurasa tatu nikiwa nimesimama. Nilipofika mahali pa "haijui Kikuyu" watu walicheka sana, na nikawaacha wacheke mpaka wakachoka, kwa sababu kicheko hicho kilikuwa haki yao. Mdogo wake Mzee Kariuki aliuliza swali moja, la maana: nani anathibitisha kwamba walichimba? Ndipo mweka hazina akasimama na kusema kwamba kipande cha Wangechi wa Gatheru kilipakana na chake, na kwamba jiwe analikumbuka, kwa kuwa alimwazima nyundo na hakuipata tena. Akakaa. Baada yake walisimama wengine, kila mmoja kwa jirani yake wa mtaroni, mpaka Wangechi wote kumi na wanne wakawa na mtu wa kuwasimamia. Ilichukua karibu saa mbili. Sijawahi kuona daftari kama lile tena: miaka kumi na sita bila karatasi, na hakuna kipande cha mtaro kilichokosa mwenyewe.

Mkutano uliamua kwamba wote kumi na wanne hawakuwahi kuondoka, kwamba kosa lilikuwa la karani, na kwamba karani aandikiwe barua ya onyo. Barua ninayo. Githinji aliagizwa kuanza kufungua mifereji alasiri ileile, akaondoka na spana kabla ya sala ya kufunga.

Watu walipotawanyika, Wangechi wa Gatheru alibaki. Alikuja mpaka kwenye meza niliyokuwa nikiandikia kumbukumbu za mkutano, akasimama upande wa karatasi ingawa hakujua kusoma.

"Hapo pangu pamesema nini?"

Nilimsomea: "Wangechi wa Gatheru, mwanachama tangu mwaka 1974, alimaliza kipande chake cha mtaro."

"Soma tena."

Nilisoma tena, na kidole chake kikifuata changu chini ya mstari, neno kwa neno, mpaka nukta.

"Basi piga muhuri," alisema.

Nilipulizia muhuri, nikaugonga. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.